Anayetoa kijiti asiondoke mikono mitupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni muuguzi mkunga, na siku hizi nipo chumba cha uzazi wa mpango. Wanakuja wanawake kutoa kijiti au kitanzi. Ukiwauliza sababu, wengi hucheka kwa aibu: "Tunatafuta mtoto, sista." Basi unamchoma ganzi, unapasua kidogo, unavuta kijiti, unafunga bandeji, unajaza daftari, anaingia mwingine. Tunakuja kumwona tena mimba ikiwa na miezi minne au mitano, ndipo apimwe damu, presha na kaswende, na apewe vidonge vya foliki asidi, ile vitamini ya kumkinga mtoto na mgongo wazi.

Kwa kazi yake kubwa, foliki hiyo imeshachelewa. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, mama mwenyewe bado anadhani amepitiliza siku zake tu. Usipofunga vizuri, ndiyo hao watoto wa mgongo wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Na si habari mpya: utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, ulionyesha kuwa foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilizuia isijirudie kwa asilimia 72.

Kwetu vidonge vipo, tena chumba cha pili tu. Ila vimeagizwa kwa ajili ya kliniki ya wajawazito, havitoki bila namba ya kadi. Yaani kinga ya kabla ya mimba, sharti uwe na mimba! Niliuliza, nikaambiwa ndivyo utaratibu ulivyo.

Tunaambiwa nchi maskini hazina fedha za kuanzisha huduma mpya. Sawa. Lakini huyu mama ameshakuja kwa miguu yake na mkono ameunyoosha. Kumpima wingi wa damu na presha kunachukua dakika chache. Kumuuliza dawa anazotumia ni bure, na yumo anayemeza valproeti ya kifafa, ambayo humdhuru mtoto tumboni na haifai kuachwa ghafla. Huyo anahitaji daktari kabla kijiti hakijatoka. Mume aliye kwenye benchi nje naye apimwe kaswende, japo najua nitajibiwa kwamba yeye habebi mimba.

Wanaoshika mimba bila kupanga hawapiti kwangu. Kwa hao dawa ni foliki kutiwa kwenye vyakula vya kila siku, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulishapitisha azimio hilo mwaka 2023.

Kwa hawa wanaopita, nawaomba wanaochapisha madaftari yetu waongeze safu moja kwenye lile la uzazi wa mpango: "anatafuta mimba". Akiwekewa tiki, apewe foliki ya miezi mitatu hapohapo.

Muuguzi mkunga
(jina limehifadhiwa)