Kabla Hujailipia X-Trail Ile

Nzuguni, Dodoma
9 Septemba 2025

Ndugu yangu Elia,

Mbukwa! Natumaini Kondoa ni kwema, shemeji na watoto hawajambo. Huku kwetu ni vumbi tu, upepo wa Septemba unaujua mwenyewe.

Picha za magari yote mawili nimezipata: X-Trail ya 2004 ya yule mtumishi aliyehamia Mtumba, hapa Dodoma, kutoka Dar, na Vitz ya 2006 iliyoko kwenye yadi. Umeniuliza lipi lina injini nzima. Injini utampa fundi aisikilize, atakwambia. Langu ni jingine: kiwanda kiliwahi kuyaita magari haya yarudi kurekebishwa? Na kama yaliitwa, yalirudi?

Mtengenezaji akigundua kwamba gari limetoka kwake na kasoro inayoweza kuua au kujeruhi, iwe ya usanifu au ya kipuri kilichokosewa, hutoa wito. Hapo hatuzungumzii uchakavu wa bushi au breki pedi. Japani wito hupitia wizara yao inayoshughulika na usafirishaji, mwenye gari huandikiwa barua, analipeleka kwa wakala, anarekebishiwa bila kulipa senti. Barua hiyo huenda kwa jina na anwani iliyo kwenye usajili wa kule. Gari likishafutwa kwenye usajili wa Japani na kupandishwa meli, hakuna tena wa kuandikiwa. Gari linafika Dar na kasoro yake, linauzwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna hata mmoja kati ya wanunuzi hao aliyeko kwenye orodha ya kiwanda. Usitegemee kupigiwa simu na mtu. Ni lazima uutafute wito huo mwenyewe.

Usidhani pia kwamba ukaguzi umeshakufanyia kazi hiyo. Mkaguzi anapima breki, taa, matairi, usukani, moshi. Stika ya Nenda kwa Usalama nayo inasema gari lilikuwa na taa na breki siku ile. Kasoro nyingi za wito zimo ndani ya kipuri kilichofungwa, hazionekani kwa tochi wala kwa kutikisa tairi.

Nianze na linalonitia hofu zaidi kwenye X-Trail ile. Umbo lile, T30, ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikiwatengenezea wenye viwanda vya magari mifuko hiyo. Vitz za miaka ile nazo zimo kwa wingi, pamoja na Corolla, RAV4, Honda Fit na nyingine nyingi. Ndio wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari: vijazio, yaani vile vifaa vinavyoujaza mfuko gesi, vipatavyo milioni 100 duniani. Takata yenyewe ilikiri kosa mahakamani Marekani mwaka 2017, na mwaka huohuo ikafilisika.

Ndani ya usukani, nyuma ya ule mfuko uliokunjwa, kuna kijazio, kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge huwaka na gesi yake hujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Takata walitumia ammonium nitrate, na kwenye vijazio vingi hawakuweka kitu cha kufyonza unyevu. Unyevu ukiingia, joto likapanda mchana na kushuka usiku, mwaka baada ya mwaka, vidonge hutanuka, hunywea, hupata nyufa na kuanza kumomonyoka. Kidonge kilichopasuka huwaka haraka kupita kiasi kwa sababu moto unapata uso mkubwa zaidi wa kushika. Presha inazidi uwezo wa kopo, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa hadi shingoni na usoni. Ajali ambayo mtu angetoka na michubuko inakuwa ya kuzika.

Najua utasema Dodoma ni kukavu. Ni kweli tuko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu si ya Tanga. Lakini gari hilo halikuzaliwa Mtumba. Limekaa Dar miaka kadhaa, na unyevu uliolila kule hautibiwi na ukame wa huku. Isitoshe, ile tofauti ya joto la mchana na baridi ya usiku ndiyo sehemu ya pili ya tatizo, na hiyo huku tunayo. Gari lililoegeshwa juani saa saba mchana mwezi wa Oktoba, dashibodi yake huishiki kwa mkono. Kwa hiyo muulize muuzaji gari lilikaa wapi na kwa muda gani, kisha uliza lilifika nchini mwaka gani. Mwaka wa kufika una maana yake: tangu Mei 2018 Japani walianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko ya Takata ya kundi la hatari ambayo haijabadilishwa. Lililosafirishwa kabla ya hapo lingeweza kuondoka bila kubanwa na mtu. Lililokuja baadaye lina nafuu, ingawa nafuu si uthibitisho.

Usidanganywe na taa ya dashibodi. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, ile taa nyekundu ya mtu aliyekaa na mpira mbele yake inatakiwa iwake sekunde kama sita, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeitoa balbu au kuikata waya ili kuficha hitilafu. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu ya umeme kwenye mfumo. Lakini hata ikiwaka na kuzima vizuri, hiyo inakuambia nyaya ni nzima tu. Kompyuta ya gari haina njia ya kujua kama vidonge vimeoza. Kijazio kibovu cha Takata kinaonekana kizima hadi dakika kinapolipuka.

Sasa namna ya kutafuta. Usitumie namba ya chesisi iliyo kwenye kadi peke yake, isome kwenye gari lenyewe. Fungua boneti, tafuta kibati kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi, au mhuri uliopigwa kwenye chuma hapo karibu. Mengine mhuri uko chini ya zulia, mbele ya kiti. Linganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata moja, hapo tatizo si wito tena, ondoka. Namba za magari ya soko la Japani ni fupi: ya X-Trail itaanza NT30 au T30, mkato, kisha tarakimu sita. Ya Vitz mara nyingi itakuwa SCP90 au KSP90, mkato, kisha tarakimu saba. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wanaingia kwenye tovuti ya serikali ya Marekani inayodai namba ya herufi na tarakimu 17, inawakatalia, wanahitimisha kwamba gari halina tatizo. Tovuti ile haiyajui magari ya soko la Japani. Nenda kwenye tovuti ya Nissan ya Japani kwa X-Trail, na ya Toyota ya Japani kwa Vitz, sehemu ya wito. Kuna visanduku viwili: cha kwanza andika herufi na namba za kabla ya mkato, cha pili za baada yake. Majibu yatakuja kwa Kijapani, yaelekezee kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Ni bure. Tovuti inayokudai dola ili ikuoneshe historia ya wito, achana nayo.

Utakutana na makundi matatu: wito kamili, ambao ni wa usalama kisheria, hatua za uboreshaji, ambazo ni nyepesi kidogo, na kampeni za huduma, ambazo mara nyingi ni za ubora tu. La kwanza ndilo la kukunyima usingizi. Angalia kila mstari kama kazi imefanyika au bado. Piga picha ya ukurasa huo, namba ya chesisi na tarehe vikionekana.

Halafu fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, karibu na kile chuma kinachoshika kitasa mlango ukifungwa. Mafundi wa Japani walikuwa na desturi ya kubandika hapo stika ndogo yenye namba ya wito uliokamilishwa. Ukiikuta, vizuri. Usipoikuta usihukumu, stika hubanduka, na gari likipigwa rangi upya hufunikwa.

Tuseme X-Trail imeonesha kwamba mfuko haujabadilishwa. Mpelekee wakala rasmi wa Nissan ile picha na namba ya chesisi, kwa maandishi, uulize mambo mawili: je, watabadilisha bila malipo gari ambalo hawakuliingiza wao, na kipuri kitachukua muda gani. Taka jibu la maandishi pia. Wakikataa, waandikie FCC, yaani Tume ya Ushindani, hawa ndio wanaoshughulika na ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Kwa mdomo dirishani hutapata kitu.

Wakati unasubiri: kama mfuko wa abiria ndio mbovu, kiti kile cha mbele kibaki kitupu, wote wakae nyuma na wafunge mikanda. Japani kwenyewe, vipuri vilipokosekana, mafundi waliuzima mfuko wa abiria na kubandika onyo watu wasikae hapo. Kama ni wa dereva, endesha kwa yale ya lazima tu, sogeza kiti nyuma hadi kuwe na sentimita 25 au zaidi kati ya kifua chako na katikati ya usukani, na mkanda ufungwe hata ukienda sokoni. Safari ya Kondoa hadi Babati kwa gari la hivyo mimi nisingeifanya.

Na gereji, tafadhali, chagua. Fundi atakayekuambia ana usukani wa mtumba wenye mfuko mzima, mkatalie. Umetoka kwenye gari la umri uleule, una kijazio kilekile au kibovu zaidi. Fundi atakayetaka kupima soketi ya mfuko kwa mita ya umeme, mwondoe kwenye gari kabisa, mkondo mdogo wa mita unaweza kuulipua mikononi mwake. Anayejua kazi ataondoa tamino ya hasi ya betri na kusubiri angalau dakika tatu kabla ya kugusa chochote, ili umeme uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya mfuko uishe. Akiutoa, atauweka chini ukiwa umetazama juu, kamwe si kifudifudi, maana ukilipuka ukiwa umelala kifudifudi unaruka kama kombora. Wapo wanaoutoa mfuko na kuchomeka rizista, kipande kidogo cha umeme cha kuidanganya kompyuta, ili taa izime. Gari la namna hiyo halina mfuko wala taarifa, na mnunuzi anayefuata hatajua.

Vitz ina lake jingine, dogo kwa sura. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani kwa sababu ya swichi kuu ya vioo, ile ya mlango wa dereva. Grisi ilipakwa bila ulinganifu kiwandani, swichi ikawa inakwama, inakwaruza. Kule Japani walioitwa ni Vitz, Belta, Ractis, ist, Auris na Corolla Rumion, yaani nusu ya teksi za mjini hapa. Kinacholeta moto ni dawa ya kulainishia ya dukani: mtu anaona swichi inakwama, anapulizia, plastiki inaharibika na swichi inaweza kutoa moshi au kuyeyuka. Kwa hiyo ijaribu swichi ile mara kumi kumi. Ikikwama, usipulizie kitu. Ifunguliwe, isafishwe, ipakwe grisi maalumu inayotakiwa, au swichi ibadilishwe. Ukisikia harufu ya plastiki ukiwa unashusha kioo, hapo si suala la kusubiri mwisho wa mwezi.

Toyota nyingi za kisasa zaidi, za kuanzia 2013 hadi 2020, zina wito wa pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso: feni ndogo ya plastiki ndani ya pampu hunyonya mafuta, inavimba, inakwama, na gari linazima likiwa kwenye mwendo. Hayakuhusu sasa, ila mdogo wako mwenye Toyota ya 2018 mwambie aangalie.

Ukiniuliza, kwa X-Trail mwambie muuzaji hutatoa hela hadi namba ya chesisi isomwe mbele yenu wote. Akisema hana muda, hiyo ni taarifa tosha. Kama wito uko wazi na bado unalipenda gari, uandikwe kwenye mkataba wa mauziano, pamoja na nani atalipia mfuko ikiwa wakala atakataa. Bei ya mfuko mpya si ya kuchanga siku moja, waulize wakala kabla hamjapatana. Vitz mimi naipa nafasi kubwa zaidi, ila naisema hivyo bila kuiona namba yake.

Nitumie picha za vibati vyote viwili kabla ya Ijumaa. Piga bila flashi, pembeni kidogo, chuma kikimulikwa usoni tarakimu hazisomeki, hasa 3 na 8. Nisalimie shemeji, na ule ufuta mlioahidi msiusahau.

Wako,
Mathayo