Risala ya akina mama wapika mahamri wa Likoni kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Chifu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, akina mama wenzangu, na akina baba mliosimama kule nyuma kwenye kivuli: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Twakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika saa tano, ingawa kadi iliandikwa saa tatu. Foleni ya feri twaijua, hatuulizi.

Kikundi chetu kilizaliwa mwaka 2016 chini ya mwarobaini huu huu. Tulikuwa akina mama saba, shabaha ikiwa kuzikana na kufaana kwenye harusi. Leo tuko 42, cheti cha usajili tunacho na akaunti ya benki tunayo. Historia ndiyo hiyo.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tuna viti 60 vya kukodisha. Hivyo mlivyokalia ni vyetu, isipokuwa hicho chako chenye kitambaa, hicho tumeazima. Tumefungua kiwanda cha makaa ya vifuu: twachoma vifuu vya nazi, twavisaga, twachanganya na uji wa unga wa muhogo, twafinyanga kwa kopo la maziwa na kuanika juani. Kiwanda ni pipa moja na karai moja, na mvua ikinyesha hufungwa. Pia tumeleta teknolojia ya kapu. Maharagwe yakishachemka, sufuria huingizwa kwenye kapu lililoshonewa vipande vya godoro kuukuu, yakaiva yenyewe bila moto. Mume wa mwenzetu mmoja alidhani ni uchawi. Sasa ndiye anayefunika kapu.

Lakini hamri haliivi ndani ya kapu. Ndipo tufike jikoni, Mheshimiwa, maana ndiko tulikokuitia.

Saa kumi za alfajiri jiko lishawashwa, kipepeo cha kupepea moto kiko mkononi, na mtoto amelala hatua mbili kutoka hapo kwa kuwa nyumba ni chumba kimoja. Mwenyekiti wetu amekaanga mahamri miaka 31. Masizi yananing'inia kwenye makuti ya jiko lake kama nyuzi za buibui, upepo ukivuma hudondokea kwenye unga. Macho yake mmeyaona wenyewe alipokuwa akiwakaribisha; hakuwa akilia kwa furaha. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Na makaa yanahadaa kuliko kuni, kwa sababu moshi wake ni mdogo. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo harufu wala rangi, na mtu huumwa na kichwa akadhani ni usingizi.

Magunia yenyewe yashuka kutoka Kwale, mengine usiku juu ya bodaboda. Tanuri la kufukia kwa udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Na sehemu kubwa ya gesi ya kupikia inayotumika Kenya yaingilia bandari yetu hapa Mombasa. Meli zake hupita mlango wa Kilindini, feri zikingoja zipite, na sisi wapika kwa makaa tumo ndani ya feri twazitazama.

Mwaka 2021 mgeni rasmi wa wakati ule alisimama hapo ulipokaa, akaahidi meko, yaani mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita wenye kichomeo juu, kwa kila mama. Tulipiga vigelegele. Mwezi wa Julai mwaka huohuo gesi ikatozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16, naye simu yake ikawa haipatikani. Akaja mwingine, akaahidi kufuatilia ahadi ya wa kwanza. Tukapiga vigelegele tena, vya chini kidogo. Mitungi hatimaye ililetwa, na twashukuru kwa dhati. Ililetwa mitupu, bila vichomeo, siku moja kabla ya wapiga picha. Vichomeo tulijinunulia wenyewe kwa pesa za mchezo wetu wa upatu. VAT iliondolewa mwaka 2023, lakini mitungi mingi bado haijaonja gesi. Mmoja wazuia mlango wa ghala usibamizwe na upepo. Mwenyekiti aliniambia nisiliseme hili, ila karatasi ninayo mimi.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, usituahidi mitungi. Tunaomba mtaji wa kuijaza, na hesabu yake ni hii. Mama anayekaanga mahamri hununua makopo mawili ya makaa kwa siku, shilingi 100 kila kopo. Kwa wiki ni shilingi 1,400, na kwa duka letu la karibu hizo ndizo zinazojaza meko moja. Kwa hiyo pesa tunaitumia tayari. Tatizo ni kwamba muuza makaa hukubali mia, muuza gesi ataka elfu moja na mia nne kwa mkupuo, na kwenye kibindo cha muuza mahamri pesa hiyo haijawahi kulala pamoja.

Kikundi kikijaza mitungi yote 42 mara moja, ni shilingi 58,800. Meko moja yatosha karai na chai ya nyumbani siku tisa. Kila mama atalipa shilingi 160 kwa siku kwa mweka hazina, pungufu ya anazotoa leo kwa makaa, na siku ya kumi mtungi wake warudi dukani. Mfuko hautakauka. Tumeshaweka shilingi 18,200. Pengo ni shilingi 40,600, na bila kukosa adabu, hema, vipaza sauti na fulana za hafla hii hazikuja bure.

Daftari la mfuko liko mezani mbele yako. Ukurasa wa kwanza una majina yetu na alama za vidole. Ukurasa wa pili una ahadi mbili zilizopita, tarehe zake na sahihi zake. Mstari wa tatu tumeuacha wazi, na kalamu iko ndani.

Karibu mahamri na mbaazi, Mheshimiwa. Yamepikwa kwa makaa.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.