Kijiko chenye mpini mwekundu

Makorora, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Ile sauti yako niliipata juzi, dakika tano nzima unanong'ona kama mwizi. Leo umeme hakuna, cherehani imelala, basi nimeona nikuandikie kama enzi zile za shule.

Unauliza uende kwa huyo mtaalamu wa lishe anayeangalia maisha ya mtu yote, au ndio wale wale wa kutuuzia makopo. Nenda. Lakini ngoja kwanza nikueleze mimi nilivyoliwa hela.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye ukumbi mmoja, nikashikishwa kijidude cha chuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta. Dakika moja tu karatasi ikatoka: ini chafu, figo zimechoka, mpaka mifupa ina kasoro. Hata tone la damu sikutolewa! Nikauziwa makopo mawili ya unga, laki na themanini, na kijana mmoja aliyevaa tai akaniambia vidonge vyangu vya presha niviweke kando kwa sababu vinapingana na tiba asili. Nami na akili zangu timamu nikaviweka. Wiki ya tatu kichwa kinagonga kama nyundo, zahanati wakanipima, 180 kwa 110. Muuguzi alinisema mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakanionea huruma.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponitajia dada mmoja mtaalamu wa lishe, nilikataa katakata. Kilichonipeleka mwishowe ni uchovu. Nilikuwa nikipanda ngazi nne nashika ukuta. Dada mwenyewe amesomea lishe chuo cha Sokoine, Morogoro, ana chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni makopo. Hana hata moja. Nikamuuliza yeye lishe yake ni ya namna gani. "Mimi naangalia mtu mzima." Nikadhani ananiita bibi kizee! Akacheka: mzima, si nusu, si tumbo peke yake.

Nilikwenda na kalamu mkononi nikingojea makatazo, wali usile, nazi usiguse. Badala yake saa nzima ni maswali. Unalala saa ngapi? Unaamka mara ngapi? Unakula na nani? Hapo kwenye "unakula na nani" nikakwama. Tangu binti yangu aolewe, somo, chakula sipakui. Saa nne usiku nimesimama jikoni nakula ndani ya sufuria kwa mwiko, mkono wa pili simu. Sikuwahi kumwambia mtu.

Halafu akauliza siku zangu zinakuwaje. Nikasema kawaida. Kawaida ni pedi ngapi kwa siku? Nilipotaja, akaweka kalamu chini. Kipimo changu cha damu kilikuwa 9.8, na mwanamke anatakiwa afike 12, na kwa miaka miwili kila mtu alikuwa ananishauri matembele na juisi ya rozela. Yeye akasema ndoo inayovuja hujazi kwa kuongeza maji. Siku ile hakunipa ushauri wowote wa chakula, alinipa barua ya kwenda hospitali. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Sasa daktari ananifuatilia, dawa natumia, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Fikiria, ningeendelea na rozela mpaka lini?

Mara ya pili aliniagiza niandike kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba, na nije na kijiko changu cha sukari. Kijiko cha nini tena? Nikaandika kwa uaminifu: chai vikombe vitano, vijiko viwili viwili. Nikakitoa mkobani, kile chenye mpini mwekundu, unakikumbuka, cha marehemu mama. Hakusema neno. Alichukua kijiko cha chai, akachota sukari akamimina ndani ya changu. Kimoja. Viwili. Cha tatu ndipo kikajaa. Kumbe "viwili" vyangu ni sita! Vikombe vitano ni vijiko 30, kama gramu 120, na Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu asizidi kama gramu 25 kwa siku. Ndio maana kilo ya sukari haikuwa ikimaliza siku tisa na naishi peke yangu. Mpemba wa watu wa pale dukani nilikuwa nikimshuku mizani.

Chai hakunikataza. Ameisogeza tu, ikae mbali na chakula walau saa moja, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga yasiingie mwilini, na ndimu inayasaidia yaingie. Na mimi maisha yangu yote mchunga na chai ya rangi ni pacha! Sasa mchunga naukamulia ndimu, chai inasubiri. Sembe nimeiacha, nakula dona, ingawa wiki ya kwanza lilinishinda kabisa. Nazi hakuigusa, namshukuru Mungu.

Gumu kuliko sukari lilikuwa agizo la kula kabla ya saa mbili usiku, nimekaa, na mtu. Niliona haya. Siku nne nilizunguka, ya tano nikamvukia jirani na bakuli la mbaazi kama kisingizio. Siku hizi mara tatu kwa wiki tunakula mkekani kwake. Anaongea sana, wallahi, visa vya mkwewe nimeshavikariri, lakini nikila naye nashiba mapema.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.6, daktari akasema si kisukari bado ila kinabisha hodi. Baada ya miezi minne ni 5.9, na damu 11.4. Kuhusu umbo usitarajie makubwa, ni sketi moja tu iliyonikubali tena. Na Idd nilikula kaimati mpaka nikaacha kuandika. Nilimwambia ukweli, naye akaandika "Idd" kwenye daftari akaendelea na mengine.

Sasa huyo wako, kabla hujatoa hela muulize amesomea wapi, maana jina la mtaalamu wa lishe kila mtu anaweza kujipachika. Na msikilize atakavyosema kuhusu vidonge vyako vya sukari. Akikwambia uviache, beba mkoba wako uondoke, hata maji yake usimalizie.

Mdogo wangu alitaka kukitupa kile kijiko, nikamnyang'anya. Nachotea unga. Nawe nitumie picha ya chako, kiweke karibu na kidole gumba nione ukubwa. Umeme umerudi, nina magauni mawili ya send-off ya kesho na hata pindo sijagusa.

Wasalimie wote hapo Mbagala.

Ni mimi somo yako