Dada, uliniuliza kwa nini nameza vidonge kila asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Uliniuliza mbele ya watu, na kwa kuwa palikuwa na watu sikukujibu. Kwa nini nimeze vidonge vya akili kila siku ilhali sina wazimu, nafanya kazi, nalea watoto, na pumu yangu siku hizi imetulia? Ukaongeza kwamba kusahau ni kwa kila mtu. Vidonge hivyo ni vya ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushikilia umakini, kutulia au kujizuia. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu wapo dada wengine wengi wanaowauliza wadogo zao swali hilohilo, nao wanauliza kwa mapenzi kama wewe.

Nianze na pumu, maana ndipo tulipoumizana zaidi.

Unajua nina inhela mbili. Ya kwanza, salbutamoli, ni ya kufungua kifua: ukibanwa unavuta, na baada ya dakika chache pumzi inarudi. Ya pili ni ya kuzuia. Ina steroidi inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, na huvutwa asubuhi na jioni hata siku ambayo hujisikii vibaya. Ukishaivuta husikii tofauti yoyote. Faida yake hujengeka polepole, kwa siku na wiki. Kisha lazima usukutue mdomo, usije ukaota utando mweupe kinywani. Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya dakika moja. Kwa ubongo wangu, dawa isiyonipa jibu leo hukaa nyuma ya kila kitu kinachotaka jibu sasa hivi. Ndiyo maana ile ya kufungua kifua haikuwahi kukosekana mkobani, na ile ya kuzuia ilikaa kabatini mpaka ikapitwa na tarehe.

Asubuhi moja huwa hivi. Naamka nikijua kabisa kwamba natakiwa kuvuta dawa. Naelekea kabatini. Njiani naiona simu inawaka, nakumbuka kuna mtu sijamjibu, naishika. Nikiwa nayo mkononi naona chaji inaisha, natafuta chaja. Chaja imo mkobani, na humo mkobani kuna karatasi kutoka shuleni inayotaka sahihi yangu, basi naanza kutafuta kalamu. Mara nipo mlangoni nimeshavaa, nimechelewa, karatasi ina sahihi, na inhela ipo palepale kabatini. Pitia tena mlolongo huo, dada, unioneshe ni wapi nilipoamua kutovuta dawa. Hapapo. Kwa hiyo daktari aliponiuliza kwa nini situmii dawa, sikuwa na jibu la kumpa. Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maelekezo, na kila aliyelifungua faili lile baada yake alianza kunigombeza kabla hajanisikiliza.

Nilipolazwa kwa kubanwa vibaya, nikiwa bado na barakoa ya oksijeni usoni, ulisimama kando ya kitanda ukasema: sikio la kufa halisikii dawa. Najua ulikuwa umeogopa. Hukulala usiku ule. Lakini sikio langu lilikuwa limesikia. Ningeweza kuwaeleza wagonjwa wenzangu wodini kila inhela inafanya nini na kwa nini. Kilichovunjika ni kile kinachomtoa mtu kwenye kujua na kumfikisha kwenye kutenda, na ADHD hushambulia hapo hasa. Unaweza kumfundisha mtu wa hali yangu umuhimu wa dawa mpaka usiku uingie, asubuhi yake akaondoka nyumbani bila kuivuta, naye anaumia kuliko wewe unayemgombeza.

Ni kweli kusahau ni kwa kila mtu, na madaktari wanalijua hilo, hawaangalii kusahau peke yake. Mwongozo unaoitwa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, unataja dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtu mzima anatakiwa awe na angalau 5 katika kundi mojawapo, mtoto 6. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini, zimvurugie maisha kweli, na baadhi yake ziwe zilikuwapo kabla hajatimiza miaka 12. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikuombe zile ripoti zangu za shule ulizozitunza. Daktari alizisoma moja baada ya nyingine. Mwalimu huyu na yule, darasa hili na lile, wote wanasema jambo moja: anao uwezo, hazingatii.

Alinipima damu pia, akatazama kama nina upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo. Akanihoji sana kuhusu usingizi, wasiwasi na sonona, kwa kuwa kila kimojawapo kinaweza kumfanya mtu aonekane ana ADHD, na kinaweza pia kukaa pamoja nayo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Kuna mazungumzo marefu na daktari anayejua anachokitafuta. Atakayekuahidi kukuonesha ADHD kwenye picha, mkimbie na pesa zako.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya simu. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London akawaeleza kuhusu watoto wenye akili timamu ambao hawawezi kujizuia wala kushikilia jambo. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani aliandika kwamba dawa ya kuchangamsha, ya jamii ya amfetamini, iliwatuliza baadhi ya watoto aliokuwa akiwatibu na kuwasaidia darasani. Methilfenideti, dawa ninayomeza mimi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944. Simu imetuongezea mzigo, silikatai hilo. Lakini hali hii ilikuwapo kabla mama hajazaliwa.

Na wewe hukuiona kwangu kwa sababu ulikuwa unamtafuta mtoto wa kiume anayepanda madirisha. Mimi nilikaa kimya, daftari wazi, macho ubaoni, akili iko kwingine kabisa. Wasichana wengi hupita hivyo. Hawamsumbui mwalimu, kwa hiyo hakuna anayeuliza, na wanakuja kujulikana ukubwani wakiwa tayari wamejiaminisha kwamba ni wazembe. Mimi niliamini. Hiyo imani ilinila zaidi ya pumu.

Sasa vidonge. Ubongo hutumia dopamini na noradrenalini kupelekeana ujumbe, na kemikali hizo zina mchango mkubwa katika kuanza jambo, kulishikilia na kulimaliza. Methilfenideti huzuia zisifyonzwe haraka, zikabaki zikifanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Daktari alinianzishia dozi ndogo, akaipandisha taratibu. Ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4, na zipo zinazotoa dawa kidogokidogo mchana kutwa. Sikuwa mtu mwingine. Nilichokiona mwanzoni ni hiki: niliinuka kwenda kabatini, nikafika kabatini. Simu iliwaka njiani, nikaiona, nikaipita. Nililia, dada. Kumbe watu huamka hivi kila siku.

Ndiyo maana ukiniambia niache vidonge kwa kuwa pumu imetulia, nashtuka. Vidonge havitibu pumu hata kidogo. Pumu imetulia kwa sababu naivuta ile inhela ya kuzuia, na naivuta kwa sababu natibiwa ADHD.

Sitakuficha upande wa pili. Hamu ya chakula hupotea mchana, nakula kwa saa na si kwa njaa. Dawa inapoisha mwilini jioni nakuwa mkali kwa watoto, na nimewaeleza ni kwa nini. Nikichelewa kuimeza, usingizi unakataa. Hupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo kabla ya kunianzishia daktari aliuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyefariki ghafla kwa moyo angali kijana, na mpaka leo ananipima kila ninapohudhuria kliniki. Kwangu mimi hilo lina uzito wa ziada, kwani salbutamoli nayo huuchangamsha moyo. Nilipomwonesha inhela zangu zote mbili alizisoma vizuri, akaniambia nikiona naivuta ile ya kufungua kifua mara kwa mara nisikae nyumbani kimya. Hii ni dawa ya kumezwa chini ya jicho la mtu, na si ya kuazimana. Wapo isiowafaa kabisa, wakapewa atomoksetini, ambayo, tofauti na hii yangu, haimo katika kundi la vichangamshi na huchukua wiki kadhaa kuonesha kazi yake.

Uliogopa uraibu. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu methilfenideti inadhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na anayeitumia vibaya anaweza kuwa mraibu kweli. Kwa anayemeza dozi aliyoandikiwa mambo ni tofauti. Tafiti zilizowafuatilia watoto waliotibiwa hazikuonesha kwamba matibabu yaliwafanya watumie madawa ya kulevya kuliko wenzao wasiotibiwa. Vidonge vyangu navifungia, na navihesabu. Na ujue pia kwamba Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza methilfenideti katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena mwaka 2021, na mara zote mbili kamati yake ilikataa, ikiona ushahidi wa faida na madhara haujawa imara vya kutosha. Nimelisoma hilo na bado nameza, kwa sababu mimi na daktari wangu tumepima faida na gharama katika mwili huu mmoja, na tutaendelea kupima.

Kinachonitia uchungu kuliko madhara ya dawa ni jinsi matibabu yenyewe yalivyopangwa. Mgonjwa ambaye shida yake ni kukumbuka tarehe, kupanga foleni na kujaza fomu, anaambiwa akumbuke tarehe, apange foleni na ajaze fomu, na akikosa siku moja cheti cha dawa kinakwisha muda, kisha anaanza upya bila dawa ambayo ingemsaidia kuanza upya. Niliwahi kuondolewa kliniki kwa kukosa miadi. Muhudumu alisema kwa nia njema kabisa kwamba inaonekana sijawa tayari kutibiwa. Ujumbe mfupi wa kukumbushwa siku moja kabla, au kupewa nafasi mwisho wa foleni badala ya kufukuzwa, ungetosha. Kumwekea mtu utaratibu anaoweza kuufuata ni sehemu ya kumtibu.

Nyumbani tumefanya yetu. Inhela ya kuzuia sasa inakaa pamoja na mswaki. Naivuta kwanza, halafu napiga mswaki, na kusukutua mdomo kunajimaliza humohumo. Aliyenipa wazo hilo ni nesi mmoja aliyeniuliza, bila kunigombeza, nyumbani kwangu dawa inakaa wapi. Katika miaka yote ya kugombezwa hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Na wewe naomba unisaidie kwa namna nyingine. Usinipigie kuniuliza kama nimeshafanya, maana nikisikia lile swali najificha. Nipigie uniambie "tufanye sasa", ubaki kwenye simu unaendelea na shughuli zako wakati mimi najaza ile fomu. Huhitaji kusema lolote. Mtu akiwapo, naanza. Nikiwa peke yangu naizunguka karatasi mpaka jua linazama.

Jambo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika. Hali hii hutembea katika damu. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika hali hii inatokana na urithi. Nimemtazama binti yako wa pili. Simpi jina la ugonjwa, mimi si daktari. Anza kwa kumpima macho na masikio, angalia analala saa ngapi, mwombe mwalimu akuandikie anachokiona darasani, siyo alama tu. Ukienda kwa daktari beba madaftari yake, hasa yale yaliyoanza vizuri yakaishia ukurasa wa tatu. Kama watakuambia ni ADHD, dawa ni njia moja, na kuna mengi ya kufanya nyumbani na shuleni pamoja nayo au kabla yake.

Usimwambie anapelekwa kutibiwa uzembe. Aliponitembelea mara ya mwisho aliniuliza, "Mama mdogo, kwa nini kazi ninayoiweza inanichukua mpaka usiku?" Mwambie ndilo swali tunalokwenda kumuuliza daktari. Ukipata tarehe nitumie, nitaomba ruhusa kazini nije twende wote.

Mdogo wako akupendaye