Barua ya wazi kwa Mkuu wa TEHAMA: kisanduku mlichokificha bado kinadai majibu

Kwako Mkuu wa kitengo, ofisi naihifadhi, ukisoma utajijua. Habari za majukumu.

Mimi nina steshenari hapa Majengo, Dodoma, nawajazia watu fomu mtandaoni, na hii fomu yenu mpya ya kuomba vizimba vya biashara imeshanigombanisha na wateja vya kutosha. Jana kaja mama kutoka Bahi, mwisho wa kutuma saa sita usiku. Nimejaza vizuri, zile tarakimu 20 za NIDA nimehakiki moja moja, picha imepanda, nabonyeza Tuma, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Hakuna maandishi mekundu wala nini, mama ananiangalia kama nimekula hela yake.

Iko hivi mkuu. Pale juu mnauliza mwombaji ni mtu binafsi au kikundi, ukichagua kikundi vinatokea visanduku vya namba ya usajili na jina la mwenyekiti, ukichagua mtu binafsi vinajificha. Safi kabisa. Ila vijana wako wamevificha machoni tu, kwenye msimbo wa ukurasa bado vina required, yaani alama ya "lazima kijazwe", kwa hiyo brauza inamdai mama usajili wa kikundi asichokuwa nacho, halafu ikitaka kumpeleka pa kujaza haipafikii maana pamefichwa, basi inagoma kimyakimya. Lalamiko liko kwenye konsoli ya Chrome, kile kidirisha cha mafundi kilichojificha ndani ya brauza, sasa mama wa Bahi konsoli ataijulia wapi? Nahisi mlijaribu kwa kuchagua kikundi tu mkapigiana makofi.

Jirani yangu yeye anachagua kikundi, anaweka sifuri, anarudi mtu binafsi, inapita. Manake zile sifuri zinakuja huko kwenu hivyohivyo, kufichwa hakuzizuii kutumwa, kesho mtasema wananchi wanaleta vikundi hewa. Mimi naogopa, tamko la "taarifa zote ni za kweli" linabaki na jina la mteja.

Mlituahidi mfumo utamaliza foleni. Kweli kwenu imeisha, imehamia kwangu.

Kisanduku kikifichwa kiwekeeni disabled, yaani alama ya kukizima, hapo brauza haikikagui na wala haikitumi, kikionekana mnaitoa. Ni mistari michache mkuu, siyo bajeti ya mwaka mpya wa fedha. Na muda ongezeni, hata siku mbili tu, mama kalala kwa ndugu yake Chang'ombe anasubiri nimwambie kitu. Rekebisheni hilo tu, tafadhali sana, mengine tutavumilia.

Wenu, mwenye steshenari