Pawasoo za zamani si takataka, ila tazameni munyu (chumvi ya bahari) kwanza

Mhariri,

Assalam aleikum na pole kwa kazi. Nimeisoma barua ya yule ndugu aliyesema pawasoo kuukuu zote, hii misumeno ya engine, zipelekwe kwa watu wa vyuma zikapimwe kilo, vijana wanunue mpya dukani basi. Nimeisoma mara mbili nikacheka, manake nilikuwa nimekaa kibarazani na yangu iko miguuni, kongwe kuliko ndoa yangu, na asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imetoka kukata gogo la mwarobaini. Lakini haki isemwe, hasira ya ndugu yule naijua. Hata mie nishaliwa pesa. Ila alipolaumu uzee mimi nalaumu kitu chengine, na hicho ndo kimenifanya niandike.

Mimi ni seremala hapa Lamu, mtaa wa Langoni, kazi zangu ni milango na vitanda, na zikipwa naenda Matondoni kuwasaidia mafundi wa vyombo. Huko ndo nilikoanza kuitamani pawasoo. Mtu akitaka taruma, ule ubavu wa jahazi, anatafuta mti uliojipinda wenyewe, na mti huo huupati yadini, unaufuata shambani ulikoangukia na shoka begani, siku nzima imekwisha hujafika nusu. Pawasoo mpya orijino kwa seremala wa mtaani ni kuota mchana. Ile ya bei poa inayofanana na orijino mpaka stika, siku moja unavuta kamba inabaki mkononi mwako. Basi nikasema nitafute mkweche niutengeneze mwenyewe, kwani mimi si fundi?

Ya kwanza niliuziwa gatini, aliyeniuzia kavuka nayo na boti kutoka Mokowe. Ilipakwa rangi inang'aa kama embe. Akavuta kamba mara moja tu ikanguruma mpaka waliokuwa wakingoja boti wakageuka na punda wa watu akakurupuka na mzigo wa mchanga. Nikatoa elfu tisa hapo hapo, na nilipoishika ilikuwa ya moto tayari lakini akili haikuniambia kitu, nikadhani ni jua. Kumbe alishaiwasha kule kule ng'ambo. Engine ikiwa moto inaficha mambo mengi, ringi zilizochoka, sili (mpira wa kuziba) inayovuta hewa, kabureta iliyoziba nusu, vyote vinanyamaza, vinakuja kusema siku ya pili ikiwa baridi na mwenyewe ushamtumia pesa yake kwa simu.

Lakini si engine iliyoniua. Kila asubuhi nilikuta doa la oili pale nilipoilaza, napangusa, kesho lipo tena. Ile oili ya kulainisha cheni tanki lake limo ndani ya bodi yenyewe, si chombo cha kubandika. Nikaigeuza chali, chini rangi imevimba kama lengelenge, nikagusa na ncha ya bisibisi na wallahi bisibisi ikazama kama nimechoma mkate wa kumimina, ukamwagika unga mweupe. Nikampelekea ami mmoja Matondoni, mtu mzima wa vyombo, akaupangusa ule unga kwa kidole akautazama, akaniambia, "Mwanangu, hii si kutu. Hii ishaliwa ni munyu."

Ndugu yetu wa ile barua, hapo ndipo penyewe. Bodi ya pawasoo nyingi za kazi si chuma, ni magnesiamu, wameichagua kwa wepesi. Magnesiamu na hewa ya bahari haviivi chungu kimoja. Na pale skrubu ya chuma ilipopita ndo panaliwa zaidi, madini mawili yakigusana na katikati pana maji ya chumvi inakuwa kama betri, lile dhaifu linaliwa taratibu. Wenye mashine za boti wanalijua hili vizuri, ndo sababu kule chini ya mashine kunafungwa kile kipande cha zinki ili kiliwe chenyewe mashine isalimike. Pawasoo haina zinki, inaliwa yenyewe. Pistoni utanunua, ringi utanunua, koili, kabureta, vyote spea zipo ukitafuta. Bodi ikishageuka unga hakuna fundi, na aliyekwambia atakuchomea kwa welding mwambie aanze na yake, tena magnesiamu ikishika moto hiyo habari nyengine.

Sa hii mtu akiniambia anauza pawasoo swali langu la kwanza ni ililala wapi. Siulizi ni ya mwaka gani wala inawaka. Iliyolala Mpeketoni au Witu kule ndani ghalani nina hamu nayo hata ikiwa na miaka arobaini. Iliyolala kwenye mtumbwi au banda la ufuoni hata ikiwa ya juzi naipa salamu napita. Naenda na tochi ndogo, spana ya plagi na bisibisi. Kwanza naigusa, ikiwa ya moto nakunywa kahawa mpaka ipoe. Nakwangua rangi chini kidogo palipo na skrubu na pembeni ya tanki la oili, na muuzaji akikataa nisikwangue basi nishapata jibu langu.

Halafu nafungua eksozi, huwa ni nati mbili tatu tu, namulika pistoni kwa lile tundu. Ukiiona laini biashara ipo. Ukiona mikwaruzo ya wima na mng'ao umejipaka paka, hiyo ilishashika, pistoni ilikwama ndani, na upande unakwambia sababu, mikwaruzo ya upande wa eksozi mara nyingi ni njaa ya oili au petroli ndogo hewa nyingi, ya upande wa kabureta ni vumbi lililopita filta. Kisha nashika kile kipini cha kamba ya kuwashia nainyanyua pawasoo nzima ining'inie. Ikiporomoka hapo hapo kompresheni, ile nguvu ya kubana hewa, hakuna. Ikining'inia ikawa inashuka kwa vituo kama mtu anayeshuka ngazi, hiyo ina pumzi. Mwenye geji apime, ukipata psi 150 furahi, chini ya 120 anza kuhesabu bei ya ringi.

Na kutowaka kusikutishe, mie siku hizi naipenda zaidi isiyowaka. Haiwezi kunidanganya kwa moto na bei inashuka yenyewe.

Ya pili ndo hii ya kibarazani, Husqvarna 61, engine ya cc 61 kama jina lake. Niliipata Mpeketoni kwa mzee mmoja, ilikuwa ndani ya gunia la mahindi na nyigu wamejenga udongo ndani ya eksozi. Elfu nne. Kila mpira ndani yake ulikuwa umekwisha, paipu ya petroli ukiikunja inavunjika kama spageti, na zile ngozi nyembamba za ndani ya kabureta zimekakamaa kama ngoma iliyoanikwa juani, ilhali ndizo zinazopumua kuvuta petroli. Nikaagiza seti mpya ya hizo ngozi na mipira Mombasa. Bodi lakini mashallah, kavu, safi, hata chapa zinasomeka.

Sasa hapa nikafanya ujinga wa aliyeanza jana. Nilitaka kutoa klachi nitazame sili nyuma yake, nikaweka spana na bomba la kuongeza nguvu nikavuta kushoto kama nati yoyote ya dunia hii. Haitoki. Na ili engine isizunguke nilikuwa nimechomeka bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili, lile gurudumu linalopuliza upepo, upande wa pili, nikavuta na mguu juu, ka! pezi moja likaruka likapotelea mtaroni. Ndo akapita kijana anayetengeneza mashine za boti, akasimama, akanitazama kwa huruma, akasema kaka unakaza hiyo. Klachi ya pawasoo nyingi uzi wake ni wa kinyume, unafungua kwa kufuata saa. Akatoa plagi, akasokomeza kamba ya nailoni ndani ya silinda nayo pistoni ikapanda ikaibana kamba ikakwama kistaarabu bila kuvunja kitu, akagonga mara moja, tak, ikafunguka. Sikumlipa hata, alikataa, alikunywa chai tu. Ule mfano wa kamba ungekuwa kwenye kitabu cha mafundi wangapi wangeokoa mapezi yao.

Jengine la kwetu hapa ni oili ya kuchanganya na petroli. Lamu kila nyumba ya mvuvi ina chupa ya oili ya mashine ya boti, imeandikwa TC-W3, na sote tunaona tustroki ni tustroki. Si hivyo. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, pawasoo inapozwa na upepo wa lile flaiwili tu, joto lake ni jengine kabisa na ile oili haikutengenezewa joto hilo. Tafuta iliyoandikwa ya engine za kupozwa kwa hewa. Mimi nachanganya mililita 125 kwa lita tano za petroli, yaani moja kwa arobaini. Vitabu vya zamani vilisema moja kwa 25, vyengine hata moja kwa 16, lakini hiyo ni kwa oili za wakati ule. Na zile skrubu mbili za kabureta, L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkubwa, zifunge polepole mpaka ziguse usizikaze, fungua duara moja moja, uanzie hapo. Vijana wanapenda kuifunga H mpaka ipige kelele kali wanasema ina nguvu. Ile kelele ni njaa, ndo inayochora ile mikwaruzo niliyokwambia.

Cheni nayo ilinila mara moja. Nilimwambia jamaa aninunulie Mombasa cheni ya inchi 3/8, akaleta ya 3/8 kweli, haiingii. Kumbe kuna kipimo cha pili, unene wa yale meno ya chini yanayopita kwenye mfereji wa baa, kile chuma kirefu kinachobeba cheni, yangu ni milimita 1.5 yeye kaleta 1.6. Soma namba zilizopigwa kwenye baa, halafu hesabu meno ya chini moja moja kwa kidole, usikadirie. Na ukinoa, idadi ya tupa unazopiga kulia piga hizo hizo kushoto, la sivyo inakata kwa kupinda utadhani gogo ndo baya. Cheni ya meno ya namna hii ilianzia kwa mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, mwaka 1946 aliona buu linavyotafuna mti kwa kwenda huku na huku akaunda cheni kwa mfano wake. Nawaambia watoto kibarazani hawaamini.

Kuna jambo ambalo barua ile ilikuwa na haki nalo kabisa, usalama. Breki ya cheni ilianza kuwekwa miaka ya mwanzo ya 70 na hata baada ya hapo si zote zilipewa. Ile Stihl 070 wanayoipenda sana wapasua mbao wa bara, cc 106, haina breki, baa ikigusa gogo kwa ncha yake inaruka kuja usoni na hakuna cha kuizuia. Anayeanza asiiguse. Yangu ina breki na kabla ya kazi naisukuma kwanza nione inabana. Na jamani hapa kwetu, hatukati na kikoi na malapa! Nimewaona, kikoi kinapepea sentimita chache kutoka kwenye cheni na mwenyewe ana sigara.

Wa misitu nao wasinishike, mikoko siigusi, boriti na mazio, zile nguzo za mikoko, wenye leseni wanakata kwa shoka lao na iwe hivyo. Nakata miti iliyoanguka na miembe iliyochoka ya mashamba ya watu, na mbao zikitaka kuvuka kibali kwanza.

Mhariri, nina ombi moja. Ile pawasoo ya kwanza iliyoliwa na munyu bado ninayo, bodi imekufa lakini silinda, koili na kabureta vizima. Mwenye flaiwili ya Husqvarna 61 yenye mapezi kamili aje tubadilishane, anikute Langoni baada ya alasiri, aulize seremala mwenye pawasoo ya kelele.

Ni mimi, seremala,
Langoni, Lamu