Bustani hiyo anaingia nani?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya kituo kipya cha utengamao, yaani cha kumrudishia mtu uwezo baada ya kuumia, ile iliyojaza ukurasa mzima kwa picha za miti. Mmesifu kidimbwi, mmesifu daraja la mbao, kisha mkasifu "njia ya kokoto inayojipinda taratibu hadi msituni". Njia ya kokoto! Kituo ni cha watu walioumia uti wa mgongo, waliopooza upande mmoja na waliokatwa miguu, halafu njia yao ya kwenda bustanini imemwagwa kokoto. Vigurudumu vya mbele vya kiti huzama humo, kiti hukwama, na ukilazimisha unaanguka kifudifudi. Mwenye magongo naye hana pa kuyakita. Hilo mwandishi wenu angeambiwa na mgonjwa wa kwanza kukutana naye, lakini katika habari nzima waliohojiwa ni msanifu, mfadhili na mgeni rasmi.

Miti siipingi, nisieleweke vibaya. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wake juu ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 waliolazwa penye dirisha linaloonyesha miti waliruhusiwa mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Wasanifu wanaupenda sana utafiti huo, kila anayechora mti anautaja. Wanachoruka ni kwamba wagonjwa wale waliiona miti hiyo wakiwa kitandani.

Mimi nilipoumia mgongo nilipelekwa kituo chenye bustani ya kupendeza kweli, na kwa muda mrefu nilijua kuwa ni ya kupendeza kwa sababu wageni walioniona waliniambia. Dirisha la wodi lilianzia juu, mtu aliyelala anaambulia dari na bomba la maji. Nilipoanza kukaa kitini nikagundua kwamba mlango wa bustanini una kizingiti kimoja, kimo chake upana wa kiganja. Anayetembea hata hakioni. Mimi kilinifanya niwe mtu wa kuomba kila nikitaka kutoka, na ukiomba unaambiwa subiri, na ukisubiri jua linazama. Siku moja mhudumu akanihurumia, akanivusha, akanisogeza hadi katikati ya nyasi, akaitwa kwingine, akaenda. Kivuli hapakuwa nacho, miti yote ilipandwa pembezoni ili ipendeze ukiwa barabarani. Sasa, mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa juu hatoki jasho sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha. Joto linaingia, halina pa kutokea. Kichwa kikaanza kuniuma, mdomo ukakauka, nikashika vyuma vya kiti nikavikuta vinaunguza. Kurudi siwezi, kizingiti kiko pale pale. Nikaita, sauti haifiki. Aliyeniokoa ni mtunza bustani aliyekuja kumwagilia maua. Alinitazama usoni mara moja tu, akanielekezea mpira wa maji mimi kwanza. Muuguzi alipofika, nikiwa nimelowa chepechepe, aliniuliza: "Mzee wangu, si ulitaka bustani mwenyewe?" Kesho yake mlango ukatiwa kufuli. Kwa usalama wa wagonjwa, tulielezwa.

Wakubwa watasema ni suala la fedha. Msanifu Alvar Aalto alipojenga sanatoria ya Paimio, hospitali ya kifua kikuu kule Finland, iliyokamilika mwaka 1933, alijua kwamba mgonjwa wa kifua kikuu anashinda amelala akitazama juu, hivyo dari ikapakwa kijani tulivu na taa ikawekwa pasipomchoma macho. Rangi tu hiyo, Mhariri. Pale Basel, Uswisi, kituo cha walioumia ubongo na uti wa mgongo kilichochorwa na wasanifu Herzog & de Meuron na kufunguliwa mwaka 2002 kina dirisha la duara darini mwa vyumba vya wagonjwa, ili asiyeweza kugeuza hata shingo aone mawingu yakipita, na nyua za ndani zimepandwa miti na kuwekwa maji. Basi hilo la Basel ni la matajiri, nakubali. Ila dirisha kuanzia sentimeta 60 kutoka sakafuni badala ya mita moja na ushee, lina gharama gani? Njia ya mteremko yenye kimo cha mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, au 20 ukimwonea huruma mwenye mikono dhaifu? Nafasi ya sentimeta 150 ili kiti kigeuke? Tuta lililoinuliwa na kuachwa uwazi chini, magoti yaingie, mtu apande mchicha wake kwa mkono anaojifunza upya kuutumia? Hayo ndiyo mazoezi. Kusukumwa na kuegeshwa mbele ya maua ni kuanikwa.

Na hapo sijagusa vyoo. Nilikopita kote, choo kilichochorwa alama ya kiti cha magurudumu ndimo zinamohifadhiwa ndoo za deki na mafagio, na ufunguo anao mtu aliyekwenda chakula cha mchana. Tena katika picha yenu kubwa, aliye kitini anasukumwa na mfadhili anayetabasamu. Jina la mfadhili mmeliandika. La aliyekaa kitini hamkuandika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unasema katika ibara ya 4 kwamba tushirikishwe katika maamuzi yanayotuhusu. Kwa kuwa vikao vya ushirikishwaji huishia kwenye posho, napendekeza njia fupi. Kabla mchoro haujapitishwa, msanifu akalishwe kitini, awekewe kikombe cha chai mapajani, aende peke yake kutoka kitandani hadi kwenye mti anaousifu, akae kivulini, aende chooni, arudi. Chai ikimwagika, achore upya. Na sherehe ya uzinduzi isifanyiwe getini. Utepe ufungwe mwisho wa hiyo njia ya kokoto, mgeni rasmi apewe kiti, asisukumwe na mtu. Mkasi atapewa akifika.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mtembea kwa magurudumu